Kompyuta na muziki ndani ya gari: anzia kwenye waya, si kwenye spika

Wengi wetu tukishikwa na hamu ya kazi hii hununua spika kwanza, kisha amplifaya, kisha skrini, na waya tunaukumbuka mwisho. Mimi nilianza hivyo hivyo. Kompyuta yangu ya kwanza ilizimika kila nilipopiga starta, na spika zililia kama mbu anayepandisha sauti kila nilipokanyaga mafuta. Nikazilaumu spika miezi miwili nzima. Hazikuwa na kosa lolote.

Mfano wangu hapa ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, skrini ya kugusa ya inchi 7, kadi ya sauti ya USB, na amplifaya ya chaneli 4 zenye wati 75 kila moja. Andaa multimita, koleo la kubania terminali, pasi ya risasi na msasa.

Hatua ya 1: Ujue umeme wa gari

"Volti 12" ni jina tu. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, hupima takriban 12.6. Injini ikiwaka, alternata huipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4. Starta ikizunguka, volti huporomoka hadi 9 au chini yake, hasa betri ikiwa imechoka. Raspberry Pi haiwezi kuvumilia mambo hayo: inataka volti 5 zilizotulia, na ampea 3.

Kwa hiyo acha kuitegemea chaja ndogo ya tundu la kiberiti. Tafuta konveta (kifaa cha kugeuza volti) iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, inayopokea kuanzia volti 6 au 8 hadi 30 na zaidi, itoayo volti 5 na ampea 5. Ifunge karibu kabisa na kompyuta, kwa sababu kebo ndefu na nyembamba ya USB hula volti njiani. Ukiona alama ya radi ya njano juu ya skrini, Pi inakuambia kuwa umeme umeshuka chini ya volti 4.63 hivi. Usiipuuze.

Hatua ya 2: Waya mkuu na fyuzi

Kabla ya kununua waya, piga hesabu. Chaneli 4 za wati 75 ni wati 300. Amplifaya ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, hupoteza takriban moja ya tano kama joto, kwa hiyo itavuta kama wati 375 kutoka kwenye betri. Gawanya kwa 13.8: ampea 27. Muziki haudai kiasi hicho muda wote, lakini waya huchaguliwa kwa kufikiria wakati mgumu.

Sasa chukua mita 5 kutoka betri hadi kwenye buti. Waya wa shaba wa milimita mraba 4 utapoteza karibu volti 0.6 kwa ampea hizo. Wa milimita mraba 16 utapoteza 0.15 tu. Mimi hutumia wa 16. Na uangalie vizuri unachouziwa: kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, mnene kwa macho, lakini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu ya unene uleule. Ukwangue kidogo kwa kisu. Ukikuta weupe ndani, umeshajua.

Toa terminali hasi ya betri kabla hujagusa chochote. Weka fyuzi ya ampea 40 kwenye waya chanya, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi hii kazi yake ni kulinda waya, si amplifaya. Waya ukikatika kifuniko chake na kugusa bati mahali ambapo hakuna fyuzi nyuma yake, gari linaweza kuungua. Unapopita kwenye ukuta wa bati kati ya injini na kabini, pitisha waya ndani ya mpira wa tundu, usiuache ukisuguana na makali ya bati. Viunganishi vya njano chini ya dashibodi na viti kwa kawaida ni vya mifuko ya hewa. Viache kama ulivyovikuta.

Hatua ya 3: Ethi

Yule mbu wangu alizaliwa hapa. Nilikuwa nimefunga ethi (waya hasi unaofungwa kwenye bati la bodi) ya amplifaya nyuma, kwenye buti, na ethi ya kompyuta mbele, kwenye boliti ya dashibodi. Kati ya sehemu hizo mbili za bodi kuna tofauti ndogo ya volti inayopanda na kushuka pamoja na alternata. Kebo ya sauti inayounganisha kompyuta na amplifaya ikawa daraja la tofauti hiyo, na amplifaya ikaikuza kama vile ni muziki.

Tiba: chagua boliti moja nene iliyoshika bati la bodi, karibu na amplifaya. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, bana ethi ya amplifaya na ya konveta ya kompyuta mahali hapohapo, kisha paka grisi kidogo juu ili kutu isiingie. Waya wa ethi wa amplifaya uwe mfupi, na unene uleule wa waya chanya. Kama kompyuta lazima ikae mbele, tumia konveta ambayo hasi ya kuingia na hasi ya kutoka zimetenganishwa. Kile kichujio kidogo cha transfoma kinachochomekwa kwenye kebo ya sauti hunyamazisha mlio pia, lakini vingi hupunguza besi. Mimi hukiweka kama njia ya mwisho.

Hatua ya 4: Kuwasha na kuzima

Hapa ndipo nilipoua kadi mbili za kumbukumbu. Ukizima gari na umeme ukakatika papo hapo, kompyuta iliyokuwa katikati ya kuandika faili inaweza kuharibu kadi. Ukiiacha iwake siku zote, betri itakufa: wati 3 ni kama ampea 0.25, yaani ampea-saa 6 kila siku. Betri ya ampea-saa 45 itafika nusu kabla ya siku 4.

Unahitaji waya mbili kutoka nyuma ya redio. Mmoja una umeme muda wote. Kwenye redio nyingi za kununua dukani ni wa njano. Wa pili, ACC, hupata umeme ufunguo ukigeuzwa; mara nyingi ni mwekundu. Usiamini rangi, pima.

Umeme wa muda wote uende kwa konveta kupitia fyuzi yake ndogo na rilei yenye saa, yaani swichi ya umeme inayokata sekunde 60 baada ya ACC kuzimika. ACC iende pia kwenye optokapla kama PC817 (kijisehemu kinachopitisha ishara kwa mwanga, bila waya kugusana), kupitia rezista ya oomu 2,200, na upande wa pili wa optokapla ukae kati ya pini ya GPIO 17, moja ya pini za Pi za kupokea na kutoa ishara, na ethi. Usipeleke volti 12 moja kwa moja kwenye pini: pini za Pi mwisho wake ni volti 3.3.

Kisha andika skripti fupi inayoangalia pini hiyo. Ikiona ACC imepotea, isubiri sekunde 15 kabla ya kuzima. Kwa nini kusubiri? Kwa sababu magari mengi hukata ACC wakati starta inazunguka, na bila subira hiyo kompyuta itajizima kila unapowasha injini.

Tatizo moja linabaki. Ukirudi garini sekunde ya 40, Pi imeshalala lakini rilei inaona ACC imerudi, haikati. Utatazama skrini nyeusi. Funga kitufe kidogo kati ya GPIO 3 na ethi; ukikibonyeza, Pi iliyolala huamka.

Mwisho, ukishamaliza kuweka programu zako, washa mfumo wa faili wa kusoma tu kupitia raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, na muziki uweke kwenye flashi ya USB. Mimi hutumia programu ya MPD kupiga muziki kwa kuwa ni nyepesi.

Hatua ya 5: Sauti

Tundu la hedifoni la Pi 4 lina kelele. Tumia kadi ya sauti. Kebo za sauti zipite upande mmoja wa gari, waya wa umeme upande mwingine.

Ukishafunga spika milangoni, ziba matundu makubwa ya bati nyuma yake. Hewa ya mbele na ya nyuma ya spika zikikutana, besi hupotea. Hakikisha pia chanya na hasi hazijapishana: kabla ya kuunganisha amplifaya, gusa waya za spika kwa betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya, na koni isogee nje kwa spika zote.

Geini, yaani kirekebishi cha amplifaya kinachoamua ishara ikuzwe kiasi gani, si kitufe cha kuongeza sauti. Tenganisha spika, piga mlio wa hesi 1,000 uliorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa, weka sauti ya kompyuta mahali pa juu ambapo hutapita. Multimita ikiwa kwenye volti za AC, pandisha geini mpaka ufike kipeuo cha pili cha wati mara oomu za spika: kwa spika za oomu 4, 75 mara 4 ni 300, kipeuo chake volti 17.3. Ukifika hapo, acha.

Sasa umbali. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kama spika ya upande wako iko sentimita 90 kutoka sikioni na ya upande wa pili sentimita 140, ya karibu inakuwahi kwa milisekunde 1.46. Weka CamillaDSP, programu ya kurekebisha sauti, kwenye Pi na uicheleweshe ya karibu kwa kiasi hicho. Sauti ya mwimbaji itahama kutoka mlangoni hadi katikati ya dashibodi. Humo humo kata masafa yaliyo chini ya hesi 80 kwenye spika za milango.

Hatua ya 6: Kujaribu

Washa injini, taa kubwa, feni na waipa kwa pamoja, muziki ukiwa umesimamishwa. Kanyaga mafuta taratibu na usikilize. Ukisikia mlio, rudi hatua ya 3 kabla hujagusa kitu kingine. Kisha piga muziki kwa nguvu dakika 20 na ushike waya mkuu na kishikio cha fyuzi: vuguvugu si tatizo, moto ni kiungo kilichobanwa vibaya.

Zima gari, funga milango, subiri dakika 10. Toa terminali hasi na uweke multimita katikati, kwenye kipimo cha ampea. Magari mengine yataamka kidogo ukifanya hivyo. Yape muda yalale tena. Vuta fyuzi ya kompyuta, halafu ya amplifaya, ukiangalia namba. Isipobadilika, yaani havivuti umeme gari likiwa limezimwa, rudisha kava za milango.