Kulainisha maji ya ziwa pichani kwenye Jiwe la Bismarck, Mwanza

Subiri jua lizame, saa 1 jioni hivi. Funga kamera kwenye stendi, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, na uanze na spidi (muda wa kupokea mwanga) ya nusu sekunde. Giza likiingia ongeza hadi sekunde 4. Mawimbi yatakuwa kama ukungu miguuni pa jiwe, nalo jiwe litabaki kali, hata mipasuko yake utaiona. Usikimbilie f/22 ili kurefusha muda: hilo ni tundu dogo mno, hutawanya mwanga na picha nzima inapoteza ukali. Tumia taima ya sekunde 2, maana kidole chenyewe hutikisa kamera. Mtumbwi unaopita utaacha kivuli tu. Ukiutaka wenyewe, upige mchana kwa 1/500 ya sekunde.