Jirani Akileta PS5, Usikimbilie Kukopa

Nina banda la gemu Tandika, Dar es Salaam, lenye PS4 tatu, mashine za gemu za Sony; PS5 ndiyo mpya zaidi yake. Mwaka jana kijana mmoja alifungua la kwake mtaa wa pili: PS5 mbili, mechi shilingi 300. Kwangu ni 500. Wiki ile nilikaa na mabenchi matupu. Kama yamekukuta haya, nisikilize kabla hujaenda kwenye kikoba.

Anza na hesabu. Mechi ya dakika 4 kila kipindi, pamoja na kuchagua timu na marudio ya magoli, inakula kama dakika 12. Hizo ni mechi 5 kwa saa, yaani 2,500 kwa runinga moja. Ukishuka hadi 300 unapata 1,500, na uniti za LUKU zinaliwa vilevile. Mimi sikushusha.

Nilipeleka pedi zote kwa fundi zikabadilishwe analogi, vile vijiti vya kumwongozea mchezaji. Kwetu anayefungwa ndiye analipa. Mtu akifungwa kwa sababu beki wake anajiendea pembeni mwenyewe, harudi. Kila Jumatatu kaa ucheze mechi nzima kwa kila pedi. Usimwachie kijana wa kazi.

Kisha tazama ni nani haingii kwako. Hili nawapendea sana Nintendo, washindani wa Sony. Mwaka 2006 PS3 ilitoka Marekani kwa dola 499 na 599. Nintendo mashine yao, Wii, wakaiuza kwa 250, na picha zake hazikufika hata ung'avu wa HD. Waliwafuata wazazi na wazee ambao hawajawahi kushika pedi. Mauzo ya Wii yakapita milioni 100, PS3 ikaishia kwenye milioni 87. Kwangu waliokosekana ni bodaboda na wenye maduka, wanaona haya kufungwa na watoto. Nikawatengea Jumapili jioni, ligi yao peke yao, dakika 6 kila kipindi. Leo hakuna siku inayoniingizia kama hiyo.

Na huyo jirani ana mpinzani yuleyule niliye naye mimi: simu. Kampuni ya Konami tangu 2021 wanatoa eFootball, gemu yao ya mpira, bure. Ila simu haina watu wa kukushangilia mgongoni, kwa hiyo sogeza mabenchi, weka feni, andika msimamo wa ligi ukutani. Mwenye sare ya shule asiingie kabisa, wazazi wakikuchoka umefunga.

PS5 nitanunua, kwa hela ya banda lenyewe, na yenye mlango wa diski. Ile ya dijitali haina, na mimi diski zangu nabadilishana na wenzangu wa Mbagala.