Kutumia shotikati za edita kibodi ikiwa kwenye Kiarabu (Vim, Emacs na VS Code)

Hii ni kwa wale wanaochapa Kiarabu na Kiswahili kwenye mashine moja kwa edita (programu za kuandikia maandishi na kodi) kama hizo tatu, mfano walimu wa madrasa wanaotunga mitihani, vijana walioko Muscat na Dubai, au wale wanaonakili tenzi za zamani zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu kuziingiza kwenye kompyuta. Shida mnaijua: umechapa aya yako vizuri, umebonyeza Esc utoke kwenye kuandika uanze kutoa amri, unabonyeza j ushuke mstari na Vim haishuki ng'o, maana haijapokea j, imepokea ت. Ukisema basi nisevu nitoke, :wq inatoka :صض halafu Vim inakujibu E492, haiijui amri hiyo.

Kabla hujaanza kugusa setingi elewa kwanza tatizo liko wapi. Ukibonyeza kitufe, mashine inapata namba ya mahali kitufe kilipo tu, haijui herufi, mfumo ndio unaitafsiri ile namba kuwa herufi kufuatana na leyauti (mpangilio wa herufi za kibodi) uliyowasha. Sasa programu zingine kwenye shotikati zinaangalia kitufe, zingine zinaangalia herufi, na vurugu yote inatokea hapo. Windows kwenye leyauti ya Kiarabu kila kitufe kinabaki na jina lake la Kilatini kwa ajili ya shotikati, ndo maana Ctrl+C inakopi hata kama kitufe kile kinachapa ؤ. Mac nayo ukishika Command inarudi Kilatini yenyewe. Linux inategemea, programu nyingi zenye madirisha zitakuokoa ilimradi leyauti ya Kilatini nayo iwe kwenye orodha yako, kwa hiyo iweke ya kwanza kwa amri hii kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

setxkbmap -layout us,ara -option grp:alt_shift_toggle

Lakini Vim hakuna wa kuiokoa kwa sababu amri zake ni herufi tupu, hakuna Ctrl wala nini, na herufi tupu kwa mfumo ni maandishi tu kama maandishi mengine.

Kwa hiyo ushauri wangu, na huu nauweka mbele ya yote: ndani ya Vim na Emacs usibadili kibodi ya mfumo kabisa. Acha mfumo ukae kwenye Kilatini saa zote halafu edita yenyewe ndio ikuchapie Kiarabu. Wengi wanaanzia upande wa pili, wanabadili kibodi halafu wanahangaika kuifundisha edita herufi za kigeni, wanachoka bure.

Kwenye Vim weka hii kwenye vimrc yako, yaani faili la setingi za Vim:

set encoding=utf-8
set keymap=arabic
set iminsert=0
set imsearch=-1

Mpangilio wa mistari ni muhimu, ile ya iminsert ikae chini ya keymap (ramani ya vitufe na herufi zake), maana ukiweka keymap tu Vim inawasha Kiarabu hapo hapo na wewe ulitaka uanze na Kilatini. Sasa ukiwa unaandika, bonyeza Ctrl+^, ambayo kwenye kibodi nyingi ni Ctrl+6 tu bila Shift, herufi zinageuka Kiarabu, bonyeza tena zinarudi. Utamu wake uko hapa: ukibonyeza Esc amri zote zinafanya kazi kama kawaida, j inashuka, dd inafuta mstari, :wq inasevu, na ukirudi kuandika Vim inakumbuka ulikuwa kwenye Kiarabu inaendelea nacho. Tena hata ukitafuta kwa / au ukaruka kwa f, herufi unayoitafuta inaingia kwa Kiarabu na ile amri yenyewe inabaki ilivyo. Hapo umemaliza asilimia kubwa ya kazi.

Upande wa maandishi kuanzia kulia, andika :set rightleft kama terminali yako haijui kugeuza mwelekeo, na usiogope, h bado inakupeleka kushoto na l kulia kama unavyoona kwa macho. Kama terminali inageuza yenyewe, mfano Konsole, usiweke hiyo, weka :set termbidi, la sivyo vyote viwili vinageuza na unapata uji.

Kuna watu watakwambia tumia langmap, ile ya kuiambia Vim ukiona herufi fulani ichukulie kama j, ukiona nyingine ichukulie kama k. Kwa Kirusi inafanya kazi vizuri sana:

set langmap=ФИСВУАПРШОЛДЬТЩЗЙКЫЕГМЦЧНЯ;ABCDEFGHIJKLMNOPQRSTUVWXYZ,фисвуапршолдьтщзйкыегмцчня;abcdefghijklmnopqrstuvwxyz
set nolangremap

Kirusi kitufe kimoja ni herufi moja, kwa hiyo hakuna utata. Kiarabu kina mtego wake kwenye kitufe cha b. Kile kitufe kinachapa لا, na kwenye Windows hizo ni herufi mbili, lamu halafu alifu. Lamu iko kwenye g na alifu iko kwenye h, kwa hiyo ukibonyeza b urudi nyuma neno moja, langmap inasoma gh, na gh kwenye Vim inaanzisha kuchagua maandishi ambapo herufi yoyote utakayochapa baadae inafuta kilichochaguliwa na kukaa mahali pake. Yaani ulitaka kurudi nyuma neno moja umejikuta unafuta maandishi. Halafu hata hiyo ya Kirusi kumbuka langmap haifiki kwenye mstari wa amri, ukishaandika nukta mbili kinachofuata kinasomwa kama kilivyo, kwa hiyo :w bado inakutaka urudi Kilatini.

Sasa kwa wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, leyauti ya kawaida ya Kiarabu haina پ wala چ wala ڤ, na hapa Vim inakusaidia sana kwa sababu unajitengenezea keymap yako mwenyewe. Fungua faili ~/.vim/keymap/kiswahili.vim, anza hivi:

scriptencoding utf-8
let b:keymap_name = "sw"
loadkeymap
b ب
p پ
ch چ
v ڤ
m م
n ن
a <char-0x64e>
u <char-0x64f>
i <char-0x650>

Endelea na herufi zilizobaki, halafu :set keymap=kiswahili. Umeona ch ni vitufe viwili na inakubali, ukichapa c Vim inasubiri kidogo ione kama h inakuja. Zile za chini ni fatha, dhuma na kasra, nimeziandika kwa namba maana ukiziweka zenyewe kwenye faili zinapanda juu ya herufi ya jirani huoni chochote. Irabu e na o amua mwenyewe, kwenye miswada ya zamani mara nyingi e ilikaa na i kwenye kasra na o ikakaa na u kwenye dhuma, ukitaka kuzitenganisha chagua alama yako na uishike hiyo hiyo hadi mwisho wa kazi. Na ongeza :set delcombine, bila hiyo ukibonyeza x juu ya herufi yenye irabu vinaondoka vyote, ukiiweka inaondoka irabu peke yake.

Emacs ni wazo lile lile. Ukiacha mfumo kwenye Kiarabu, C-x (yaani Ctrl+x) inakwambia C-ء haijulikani. Rudisha mfumo Kilatini, bonyeza C-\ itakuuliza jina, jibu arabic, basi, na kubonyeza tena kunazima. Amri za Control na Meta (yaani Alt) haziguswi kabisa. Kuhusu kulia kwenda kushoto, toka toleo la 24 la mwaka 2012 Emacs inajua yenyewe, huna la kuset.

VS Code haina kibodi yake ya ndani kwa hiyo hapo lazima ubadili ya mfumo. Kwenye Linux shotikati zikigoma ukiwa kwenye Kiarabu, weka kwenye setingi:

"keyboard.dispatch": "keyCode"

halafu ifunge uifungue upya. Kama ni shotikati moja tu ndo sugu, kwenye keybindings.json unaweza kuifunga kwa mahali pa kitufe badala ya herufi, mfano ctrl+[Slash] na hayo mabano yake. Na kingine, kwenye Windows Alt+Shift inabadili kibodi, na VS Code Shift+Alt+mshale wa chini inarudufu mstari, kwa hiyo kila ukirudufu unaweza kujikuta umehamia Kiarabu bila kujua. Zima Alt+Shift kwenye setingi za lugha, ubaki na Win+Space.