Jinsi ya kujenga stendi ya kupimia msukumo wa roketi ya chupa (Arusha, vifaa vya mtaani)

Roketi ya chupa karibu kila mtu anajua kuirusha, maji kidogo, pampu, inaruka, watoto wanapiga kelele basi. Sasa muulize aliyeirusha inasukuma kwa kilo ngapi uone anavyokukodolea macho. Stendi ndo inajibu hilo. Naongelea roketi ya maji tu hapa, zile za kuchoma baruti ni habari za vibali na za kupoteza vidole, sipo huko.

Fremu nilichomelewa pale Unga Limited, mtaa wa hapa Arusha. Mwambie fundi akupe kitu kama goli dogo la engo ya inchi moja na nusu, kimo mita moja, upana sentimita 40, miguu itobolewe ya bolti uikaze kwenye zege. Usitamke neno geti maana ukirudi utakuta ashaweka mikuki na maua juu. Paka rangi ya kuzuia kutu, hii kitu itaishi na maji.

Juu katikati inakaa sensa ya uzito, lile pande la aluminiamu lenye waya nne lililo ndani ya mizani ya dijito, chukua ya kilo 20. Mimi niliagiza Dar ikaja na basi. Ncha moja unaibana kwenye fremu, ncha ya pili inaning'iniza kizimba cha flatibaa kinachoshika chupa. Weka washa (vile vipete bapa vya bolti) katikati ya sensa na chuma pande zote mbili, isipopata nafasi ya kupinda haisomi kitu.

Mdomo wa chupa uangalie CHINI. Mi mwanzo niliweka juu kwa sababu niliona video za wazungu wanapima mota za baruti hivyo, moto juu, mota inakandamiza mzani. Kwa maji haifanyi kazi aisee, hewa inapanda juu inatoka yenyewe pshhh halafu maji yamebaki yametulia kwenye chupa yanakuangalia.

Chupa iwe ya soda ya lita moja na nusu, sio ya maji ya kunywa, ile ni laini itapasuka. Toboa kifuniko tundu la milimita 9. Kizibo ni kipande cha mpira mgumu kilichochongwa, katikati umepitisha sindano ya kujazia mpira wa miguu, kinashikiliwa kwa chini na wenzo uliofungwa kwenye fremu, wenzo unazuiwa na msumari, msumari una kamba ya mita 10. Mpira wa pampu uwe mrefu, mita 5 hivi, na usimame nyuma ya ukuta. Kabla ya yote jaza chupa maji mpaka pomoni upampu hadi PSI 80 (PSI ni kipimo cha presha, kipo kwenye geji ya pampu) uone kama inavumilia, maji hayabanwi kama hewa kwa hiyo ikipasuka utalowa tu. Majaribio yenyewe usivuke 60.

Sasa sehemu iliyonila wiki mbili. Sensa inapitia saketi ya HX711, chipu inayogeuza umeme mdogo wa sensa kuwa namba, ndo inaingia Arduino, kile kibodi kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu, na HX711 inakuja imewekwa kusoma mara 10 kwa sekunde. Nusu lita ya maji kwenye tundu la milimita 9 inaisha ndani ya theluthi ya sekunde! Unapata nukta tatu, kila jaribio jibu lake, nikawa nalaumu fremu, nikamrudisha fundi aongeze nguzo bure kabisa masikini. Dawa yake ni pini ya 15 ya hiyo chipu, inyanyue taratibu kwa ncha ya solda uiunge na jirani yake ya 16, inaanza kusoma mara 80. Hapo mchoro unatoka, nukta ishirini na kitu.

Kupima usahihi, ning'iniza dumu la lita 5 kwenye kizimba, ni kilo 5 na uzito wa dumu lenyewe. Linavuta chini wakati roketi inasukuma juu, kwa hiyo geuza alama ya kujumlisha na kutoa kwenye programu ya Arduino.

Kisha weka nusu lita, sifurisha, pampu. Kabla hujavuta kamba, kwa PSI 60 itasoma kilo 2.7 hivi, usishtuke, ni hewa inasukumana na kizibo, na ukizidisha mara mbili ndo msukumo wa kuanzia kwa hesabu. Ukivuta inaruka kuelekea 5 halafu inashuka. Mwishoni hairudi sifuri, inabaki nusu kilo, ni yale maji yaliyotoka.

Zidisha kilo kwa 9.81 upate nyutoni, jumlisha nukta zote za msukumo, gawa kwa 80. Hesabu ya karatasi inasema nyutoni-sekunde (jumla ya msukumo wote kwa muda wake) kama 12, ambayo kwa madaraja ya mota za roketi (C inaishia 10, D inaishia 20) ni D. Chupa ya soda hiyo. Yangu ilitoa pungufu kidogo, nikakuta kizimba kinakwaruza nguzo.