Dada wa kazi anayelala nyumbani: piga hesabu kabla hajashuka stendi

Hapa Mbeya ukisema unatafuta dada wa kazi, swali la kwanza ni "utamlipa ngapi?" Hilo ndilo jepesi. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya maduka pale Mwanjelwa, na nikipiga hesabu ya nyumba yenye dada anayelala humo humo, mshahara mara nyingi unakuja kama nusu tu ya gharama. Chukua daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Mshahara

Anza na kima cha chini. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka Sh 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na Sh 120,000 kwa anayerudi kwao jioni. Viwango vimebadilika tena kuanzia Januari 2026, kwa hiyo soma tangazo jipya kabla hujataja bei. Lakini iangalie vizuri ile tofauti ya 60,000. Chumba na chakula vilishahesabiwa humo. Anayemkata dada "hela ya kula" mwisho wa mwezi anakata mara mbili, na akikata na ya sahani iliyovunjika, huo ni uchoyo tu.

Kwa mfano wetu tuweke 100,000. Ongeza mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10: 10,000.

Hatua ya 2: Chakula

Usikisie. Mwezi mmoja kabla hajaja, andika kila kinachoingia jikoni: unga, mchele, sado la maharage, mafuta, sukari, viazi, mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu. Gawanya kwa watu wazima, watoto wadogo wahesabu nusu. Hilo ndilo fungu la mtu mmoja. Kisha liongeze kidogo, kwa sababu anayefua, anayedeki na kubeba mtoto mgongoni anakula kuliko wewe uliyeshinda ofisini. Asiyeongeza ataona unga wa wiki mbili umeisha siku ya kumi, halafu aanze kufunga kabati kwa kufuli.

Tuseme 60,000. Sabuni, mafuta ya kupaka na pedi, 8,000. Hizi za mwisho ziandike wazi. Binti mgeni haziombi kwa mdomo.

Hatua ya 3: Malazi, na baridi yetu

Hapa ushauri wa watu wa Dar haufai. Juni na Julai, Uyole au Makete, shuka moja si malazi. Andika: godoro, blanketi mbili nzito, shuka, sweta, soksi, kandambili za ndani, ndoo yake ya kuogea. Blanketi na sweta za mtumba zinatosha, mradi uzifue kwanza. Tuseme vyote vimekuja 180,000 na vitadumu miaka mitatu: gawanya kwa miezi 36, ni 5,000 kwa mwezi.

Baridi hiyo hiyo inapandisha moto wa maji ya kuoga. Kama mita yako ya umeme wa LUKU iko kwenye kundi la matumizi madogo, uniti zinazozidi 75 kwa mwezi zinatoka Sh 100 na kuwa Sh 350, kabla ya kodi. Nyumba iliyokuwa inaishia uniti 70 inavuka kwa hita moja ya ndoo. Maji ya kuoga yachemsheni kwa gesi au mkaa, kwa pamoja, jioni.

Hatua ya 4: Zinazokuja mara moja kwa mwaka

Sheria ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 yenye malipo. Hiyo ina bei mbili: mshahara wake, ambao tumeshauweka, na wa mtu wa kushika kazi akiwa kwao. 100,000 gawanya kwa 12, ni kama 8,300. Nauli ya kwenda kwao na kurudi, na kilo mbili tatu za sukari za kumpelekea mama yake, 60,000 kwa mwaka: 5,000 kwa mwezi. Dawa na hospitali, tenga 10,000, na asipougua libaki hapo hapo.

Kuna la kuachana pia. Ukimtoa Ludewa na mkataba ukaishia Mbeya, kumrudisha yeye na mizigo yake ni juu yako. Akishafikisha mwaka, ukimwachisha bila kosa lake, kuna kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika.

Hatua ya 5: Jumlisha

100,000 + 10,000 + 60,000 + 8,000 + 5,000 + 8,300 + 5,000 + 10,000 = Sh 206,300, na umeme bado. Badilisha namba ziwe za kwako. Jumla ikikushinda, usishushe mshahara; tafuta wa kutwa, au mama jirani wa kumshika mtoto hadi saa kumi. Ikikubali, andikeni makubaliano nakala mbili, na kila tarehe ya malipo asaini kwenye daftari akiwa ameshika hela mkononi.