Mambo ya kuzingatia kabla hujanunua dawa ya kulainisha uchafu wa gari

Kazi ya dawa hii ni kuteremsha mchanga na tope kabla sponji haijagusa bodi. Punje ya mchanga ikinasa kwenye sponji, unachora rangi kila unapopitisha mkono.

Angalia kwanza uchafu wenyewe. Kwa vumbi tu, shampuu ya povu yenye pH (kipimo cha asidi na alikali, 7 ikiwa katikati) ya karibu na 7 inatosha, tena haili nta inayokinga rangi. Gari lenye masizi ya dizeli, grisi na wadudu waliokaukia litataka dawa yenye ualikali kidogo. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye nguo: inakula nta, na punje zisizoyeyuka zinakwaruza.

Kisha soma lebo kabla ya kutazama bei, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Dawa nyingi kali za kuoshea malori zina kosteki soda, ambayo ni alikali kali, na pH yake hufika 12 au zaidi. Zinapendwa kwa sababu uchafu unateremka wenyewe. Lakini alumini na alikali kali haziivi chungu kimoja. Tazama ile mistari ya rangi ya fedha inayozunguka madirisha, na reli za juu ya paa: kwenye magari mengi ni alumini iliyokingwa kwa tabaka jembamba sana la oksaidi. Mtu anapulizia gari zima juani, anakwenda kuvuta mpira wa maji, na akirudi dawa imeshakauka. Anasuuza, bodi inang'aa, ila chini ya dirisha pamebaki michirizi myeupe kama maziwa yaliyotiririka. Atasugua kwa siki, atasugua kwa polishi, haitoki. Huo si uchafu, ni tabaka lenyewe limeliwa, na mara nyingi kinachobaki ni kununua kipande kipya. Lebo ikikataza alumini, au isipotaja pH kabisa, rudisha chupa rafuni.

Vipimo navyo vina mtego. Lebo ikisema 1:10, ni takribani mililita 90 za dawa kwa 900 za maji. Ukitumia chupa ya povu inayofungwa kwenye mashine ya presha, mashine inazimua tena. Ipime: tia lita 1 ya maji matupu kwenye chupa, pulizia ndani ya ndoo kubwa mpaka chupa iishe. Ndoo ikipata lita 10, dawa inafika kwenye bodi ikiwa imezimuliwa mara 10 zaidi ya ulivyodhani, ndiyo maana povu linapendeza na tope halitoki.

Pulizia kivulini, boneti ikiwa imepoa, kutoka chini kwenda juu. Subiri dakika 3 hadi 5, na suuza kabla haijakauka. Vaa glavu na miwani. Usichanganye dawa mbili, hasa yenye asidi na yenye klorini, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu. Na usiihamishie kwenye chupa ya soda, watoto hawasomi lebo.