Umeokota jiwe? Hivi ndo unavyolisoma

Kitu cha kwanza kabisa, usiamini rangi. Kwatzi (madini yanayopatikana kwenye mawe mengi) peke yake inakuja nyeupe, ya pinki, ya zambarau, hata nyeusi, sasa ukianza na rangi utapotea mapema sana.

Anza na kukwaruza. Kucha yako ina ugumu kama 2.5 kwenye kipimo cha Mohs kinachoenda 1 mpaka 10, kioo ni kama 5.5. Jiwe likichora kioo kirahisi inaweza kuwa kwatzi (7), msumari ukilichora jiwe kirahisi basi ni laini, labda kalisaiti, madini ya chokaa (3). Hapo dondoshea siki, likitoa mapovu ni la jamii ya chokaa. Jiwe la matumbawe wanalojengea Zanzibar linafanya hivo hivo, na kama povu halionekani vizuri kwaruza kwanza upate unga alafu dondoshea kwenye unga.

Kwa wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya kipimo ninachokipenda zaidi ni cha kigae: chukua tailizi, geuza upande wa nyuma usio na glezi, sugua jiwe lako. Dhahabu inaacha mstari wa njano, pairaiti (madini ya chuma yanayofanana na dhahabu) inaacha mstari mweusi wenye ukijani, hata kama kwa macho zote zinang'aa sawa. Gonga na nyundo pia, dhahabu inabonyea na kutandazika, pairaiti inavunjika vipande (vaa miwani tafadhali, vipande vinaruka machoni). Kipimo hiki ni bure na kinaokoa hela za watu, naomba mfundishane.

Sasa umri. Jiwe mkononi halikuambii umri wake kwa kuliangalia tu, lazima ujue lilikuwa tabaka gani. Kanuni ni kwamba tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu, isipokuwa kama ardhi imekunjwa au kupinduliwa. Nenda Oldupai uone, matabaka yamepangana pale na katikati yake kuna majivu ya volkano, na hayo majivu ndo mali yenyewe. Ndani yana chembe zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu, ile ya 40, inaoza polepole, nusu yake inachukua miaka bilioni 1.25, na sehemu ya hiyo inayooza inageuka kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka gesi inatoroka, ukiganda inaanza kukusanyika upya, kwa iyo ukipima agoni iliyonaswa ndani na potasiamu iliyobaki unajua uliganda lini. Fuvu la Zinj (zamadamu wa kale) alilolipata mtafiti Mary Leakey pale Oldupai 1959 watu walilikadiria miaka kama 600,000, majivu yalipopimwa 1961 ikatoka milioni 1.75!

Kaboni 14 (kipimo kingine cha umri) usiitaje kwenye mawe ya namna hii, ile ni ya mkaa, mifupa na vitu vilivyokuwa hai, na ikivuka miaka kama 50,000 haina tena cha kukuambia. Na Oldupai angalia kwa macho tu, usiokote kitu, mfupa ukishatolewa kwenye tabaka lake bila kuandikwa umri wake umepotea.

Ukitaka uhakika wa madini peleka sampuli maabara, GST (taasisi ya serikali ya jiolojia na utafiti wa madini) wanayo Dodoma. Kila jiwe mfuko wake, na juu uandike umelitoa wapi, kina gani, na juu na chini yake kulikuwa na nini.